Fasi ya kutulia katika nyumba ya mbao: tuanze na sikio

Mama mmoja wa Majengo, hapa Goma mashariki mwa Kongo, alinipigia simu mwaka uliopita akiniomba nimtengenezee kona ya kupumzikia ndani ya nyumba yake. Nilipofika na futi yangu ya kupimia na kuanza kumwuliza habari za rangi, viti na mapazia, alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa sauti ya chini: “Fundi, mi nataka tu fasi ya kulilia, batoto basisikie.” Wasomaji wa mbali watusamehe Kiswahili chetu cha Goma, fasi ni mahali, na alichokuwa akiomba ni mahali pa kulia bila watoto kumsikia. Nyumba yake ilikuwa na urefu wa mita sita na upana wa mita tano, watu tisa walilala humo, na kati ya kitanda chake na kitanda cha wanawe palikuwa na ubao mmoja tu wa sentimita mbili.

Mimi ni seremala, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kugawa vyumba katika nyumba za mbao. Kabla ya siku ile nilikuwa nikiamini, kama wenzangu wengi, kwamba faragha ni jambo la macho: ukishatundika rido, yaani pazia, nzito na kuweka mlango unaofungika, mtu amepata pake. Mama yule alinirudisha shule. Katika nyumba zetu macho huzuiwa na kitenge kimoja, lakini sikio hupita kila mahali, na mtu anayejua kwamba anasikika hawezi kutulia hata akikalia godoro laini namna gani.

Sababu ya nyumba zetu kuwa za mbao inajulikana. Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu ya Nyiragongo ilimwaga lava iliyopita katikati ya mji hadi ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 ikamwaga tena, safari hii lava ikasimama Buhene, mlangoni kabisa mwa mji. Juu ya mawe hayo meusi watu wamejenga upya kwa mbao, kwa kuwa mbao ni nafuu, hubomolewa na kuhamishwa, na ardhi inapotetemeka huyumba badala ya kuwaangukia watu kama yafanyavyo matofali yasiyofungwa kwa nondo. Kwa hiyo sitamshauri mtu abomoe ukuta wa mbao ajenge wa mawe ili apate utulivu. Ninachosema ni kwamba ukuta mwepesi una tabia yake, na lazima uijue kabla hujatumia hela.

Tabia ya kwanza ni matundu. Ukuta ambao asilimia moja tu ya eneo lake iko wazi hauwezi kupunguza sauti kwa zaidi ya desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hata kama sehemu nyingine yote ingekuwa ya zege, na ukuta wa mbao zilizokauka baada ya kupigiliwa huwa na nyufa kupita kiasi hicho. Namna yangu ya kuzitafuta haihitaji chombo chochote cha gharama. Nasubiri usiku uingie, nazima taa zote za nyumba, naweka tochi yenye mwanga mkali ndani ya kona tunayoitengeneza, kisha natoka nje yake na kusimama gizani. Ukuta unawaka kama chujio. Kila mstari wa mwanga ni njia ya sauti, nami nautia alama ya chaki papo hapo, nikianzia chini, kwa sababu ufa mkubwa kuliko yote huwa pale ubao unapokutana na sakafu, na hakuna anayeinama kuutazama. Kwa mama wa Majengo nilitia alama arobaini na moja kwenye ukuta wa mita mbili na nusu.

Nyufa nyembamba naziba kwa unga wa mbao uliokorogwa na gundi mpaka uwe kama ugali mzito, nausukuma kwa kisu na kuuacha siku mbili ukauke. Ufa unaopitisha kidole hauzibiki hivyo, kwa sababu mbao hutanuka wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, na unga uliokauka hupasuka. Hapo napigilia ubao mwembamba juu ya mwanya, ukiwa na kitambaa kilichokunjwa chini yake. Pembezoni mwa mlango natumia mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, uliokatwa vipande vya upana wa vidole viwili, ambao mafundi wa tairi huuza kwa bei ya chini au hutoa bure. Mlango ukifungwa mpira hujikunja na kubana. Kazi hii ya kuziba peke yake huleta tofauti ambayo mwenye nyumba huisikia siku hiyohiyo, na mara nyingi nawashauri wenye mfuko mdogo waishie hapo.

Tabia ya pili ni uzito. Kila uzito wa ukuta kwa mita ya mraba unapoongezwa mara mbili, sauti inayopenya hupungua kwa desibeli tano hadi sita, na sikio la mtu huhesabu upungufu wa desibeli kumi kuwa ni kama sauti imebaki nusu. Ubao wa sentimita mbili una uzito wa kilo 12 hivi kwa mita ya mraba, ambao ni mdogo mno. Ukipigilia safu ya pili ya mbao upande wa pili wa nguzo na kuacha nafasi ya sentimita kumi katikati, unapata ukuta unaozuia zaidi ya ule ambao mbao zake mbili zimegandana, kwa kuwa hewa iliyo katikati hufanya kazi ya springi laini. Ninapotaka zaidi, najaza nafasi hiyo kwa changarawe ya volkano, ile nyepesi yenye matundumatundu ambayo mji wetu hauna upungufu wake. Sentimita kumi za changarawe hiyo huleta takriban kilo 100 kwa mita ya mraba, mara nane ya ubao.

Hapa naomba usikimbilie nyundo. Ukuta wa mita mbili uliojazwa hadi kimo cha kifua una zaidi ya kilo 200, na sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya vigingi haiwezi kuubeba. Ni lazima usimame juu ya msingi wa mawe au juu ya lava yenyewe. Nguzo zake nazisimamisha kila baada ya sentimita 60, nazifunga kwa waya hadi kwenye fremu ya nyumba, na sijazi kamwe kupita mita moja na robo, kwa sababu sote tunakumbuka mitetemeko ya siku zile za mwisho wa Mei 2021, wakati sehemu ya mji ilipoamriwa kuhama. Kimo hicho kinatosha ikiwa mtu ataketi chini. Mdomo wa aliyeketi kwenye godoro uko kama sentimita 80 kutoka sakafuni, nyuma kabisa ya changarawe, ilhali mdomo wa aliyeketi kwenye kiti kirefu unakaribia sehemu ya mbao tupu. Ndiyo maana kona zangu zote ni za kukaa chini, ingawa wateja wengine hudhani nafuata mtindo.

Kosa ambalo nimelirudia zaidi ya mara moja, na nalikiri kwa kuwa mafundi wengine bado wanalifanya, ni la kitambaa na trei za mayai. Nilimpigilia kijana mmoja wa Himbi trei za mayai ukuta mzima, nikatundika na blanketi, tukaridhika kwa kuwa ndani palisikika pametulia. Usiku ule dada yake, aliyekuwa chumba cha pili, alimrudishia mazungumzo yake yote ya simu neno kwa neno. Blanketi, matandiko na vitenge hunywa mwangwi uliomo ndani, na hilo linafaa, kwa kuwa chumba kisicho na mwangwi humfanya mtu ashushe sauti mwenyewe. Lakini havizuii sauti kutoka. Trei za mayai hata mwangwi wenyewe huunywa kidogo tu, na zinashika moto haraka. Nilirudi nikazing’oa kwa gharama yangu.

Kisha kuna juu. Vyumba vingi vya nyumba za mbao vimegawanywa kwa kuta zisizofika kwenye mabati, bila dari, hivi kwamba sauti huruka ukuta kama mtoto anayeruka ua. Kona isiyo na kifuniko chake ni kazi bure. Naweka dari ndogo ya tripleksi, yaani plaiwudi, juu ya kona peke yake, kwenye kimo cha mita mbili, na juu yake natandaza blanketi kuukuu. Mvua inapopiga mabati dari hiyo haina maana, kwani hakuna anayesikia chochote. Na huenda ndiyo sababu katika mji huu mambo mazito ya nyumbani husemwa mvua ikinyesha.

Sasa la hewa, ambalo linagombana na yote niliyoyasema. Kona ya mita mbili kwa moja na nusu, yenye kimo cha mita mbili, ina mita sita za ujazo. Mtu aliyetulia hutoa pumzi yenye kaboni dioksidi ya karibu lita 20 kwa saa, kwa hiyo ukiwa umeziba kila kitu, baada ya saa moja kichwa kitaanza kuwa kizito na utadhani ni huzuni. Dawa yake ni tundu lenye kona: sanduku jembamba la mbao ukutani, hewa inaingilia chini upande wa nje na kutokea juu upande wa ndani, na kuta za ndani ya sanduku zimevalishwa blanketi. Hewa hupinda bila shida. Sauti kila inapopinda huacha sehemu yake kwenye kitambaa. Naweka mawili, moja karibu na sakafu na jingine chini ya dari.

Kwa sababu hiyohiyo kuna mambo mawili ambayo sikubaliani na mteja hata akilipa mara mbili. La kwanza ni jiko la makala, yaani makaa, ndani ya kona. Usiku wa Goma ni wa baridi, tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mtu atatamani kuingiza mbabula, ndilo jiko hilo, inayofuka polepole. Lakini makala hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu waliolala. Chukua blanketi la pili na chupa ya chai. La pili ni kuchimba. Mzee mmoja wa Kyeshero alinionyesha shimo la asili katikati ya mawe ya parsele yake, yaani kiwanja chake, penye ubaridi na ukimya wa ajabu, akataka nilifunike liwe chumba chake cha sala. Nilimwuliza kama amewahi kuona ndege au panya amekufa humo. Alinyamaza. Pande hizo, kuanzia Himbi na Kyeshero kuelekea Bulengo na Sake, ndiko kwenye mazuku, neno letu ambalo hata wataalamu wa volkano wa nchi za nje wamelichukua kama lilivyo: kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito mara moja na nusu kuliko hewa, hujikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri upepo unapolala. Chumba chake cha sala kipo leo, lakini kiko juu ya ngazi tatu.

Kuhusu mwanga na mapambo sina mengi. Chagua taa ya rangi ya manjano, ya kelvini 2,700 au karibu na hapo, na uiweke chini ya usawa wa macho, kwani ile nyeupe yenye ubuluu huufanya ubongo udhani bado ni mchana. Buji, yaani mshumaa, usiwashe, mitaa yetu ya mbao imeungua vya kutosha. Rangi ya ukuta ni shauri lako.

Naongeza neno kuhusu usalama, kwa sababu baada ya mapigano ya Januari 2025 mjini kwetu wapo walioniuliza. Kona ya kutulia si mahali pa kujikinga na risasi. Changarawe yangu ni ya kuzuia sauti, na sitaki mtu yeyote aniamini kwa jambo ambalo sikulijenga.

Kinachobaki si useremala. Kona itakufa wiki ya kwanza kama watu wa nyumba hawajakubaliana kuihusu, na makubaliano ninayoyaona yakidumu ni ya hodi. Katika nyumba ya watu tisa hatubishi hodi wenyewe kwa wenyewe. Tunafunua rido tu. Mama wa Majengo aliwaita watoto wote, akawaonyesha kitenge chekundu, akawaambia kikining’inia mlangoni wapige hodi mara moja na wangoje kuitikiwa, na asiyeitikiwa aondoke bila kuuliza baadaye. Kisha akasema jambo ambalo nisingelifikiria: kwamba kitenge hicho kitakuwa cha kila mtu, hata mdogo wa miaka saba akitaka kununa peke yake. Kona ya mtu mmoja huonewa wivu na kuchunguliwa.

Siku ya kukabidhi kazi niliketi kitandani kwa wanawe, naye akaingia, akafunga, akahesabu kwa sauti ya kawaida kama tulivyopatana. Nilisikia mnong’ono usio na maneno. Nilifurahi, na nikamwonyesha rafu ndogo niliyomchongea kama zawadi, ya mvule, iliyopigwa msasa hadi ikang’aa. Aliishika, akaipapasa, kisha akaniomba radhi. “Fundi, ni muzuri sana. Lakini rafu ikikuwa humu, kesho batatia unga, kesho kutwa makala, na miye nitatoka.” Niliing’oa palepale. Ilikuwa imeacha matundu manne ya misumari, nikakoroga tena unga wa mbao na gundi, nikayaziba, na usiku nikarudi na tochi yangu kuhakikisha.