Upeo wa sauti: kwa nini filamu hunong'ona, kisha hupiga kelele

Katika nyumba za mbao za Goma, Majengo au Ndosho, anayetazama filamu usiku hana budi kushika telekomande muda wote. Wahusika wakisemezana kwa siri, anapandisha sauti. Gari likilipuka, anaishusha mbio kabla jirani hajagonga ukuta. Lawama zote huangukia televisheni, wakati chanzo kikubwa kiko ndani ya filamu yenyewe.

Upeo wa sauti ni tofauti kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa ndani ya rekodi moja. Hupimwa kwa desibeli. Telekomande haiigusi tofauti hiyo. Inapandisha mnong'ono na mlipuko kwa pamoja. Filamu hupewa upeo mpana kwa makusudi, maana fundi wake anafikiria ukumbi wa sinema uliotulia. Taarifa ya habari ya redio ina upeo mwembamba, ndiyo maana unaielewa hata samaki wakikaangwa pembeni.

Kuna na suala la spika. Filamu nyingi zimechanganywa kwa njia sita za sauti (ndiyo 5.1), kila njia na spika yake, na mazungumzo hupewa spika ya katikati. Televisheni ya flati ina vispika viwili tu, mara nyingi vimeelekea chini au nyuma. Njia sita zikibanwa ziwe mbili, maneno yanagombea nafasi na muziki na milio ya risasi. Hapo, kweli, televisheni nayo ina lake.

Matangazo ya biashara ni hila ya namna nyingine. Mtengenezaji huubana upeo: sauti za chini anazinyanyua hadi karibu na kilele. Kilele chenyewe hakizidi cha filamu, lakini sikio hupima wastani, nao wastani umepanda sana. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa kipimo kinachofuata sikio. Kizio chake leo huitwa LUFS. Mwaka 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, ulipendekeza -23 LUFS kwa vipindi vyote (namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, sauti ni ndogo zaidi), na Marekani sheria ya kuzuia matangazo yenye kelele kuliko kipindi ilianza kutumika Desemba 2012.

Kwenye intaneti kila mmoja ana kiwango chake. Netflix hutaka -27, ikipima mazungumzo. YouTube hushusha video zenye kelele hadi karibu -14, na zile za chini huziacha zilivyo. Si ajabu sauti kuruka ukihama kutoka moja hadi nyingine. Filamu za kunakiliwa kwenye flashi ndizo mbaya zaidi: kila faili lina kiwango chake cha sauti, na hakuna aliyepita kuyasawazisha.

Menyu ya televisheni kwa Kifaransa ikiwa na « Mode nuit » (hali ya usiku) au « Volume automatique » (sauti ya kujirekebisha), iwashe usiku: itaubana upeo. Kwenye programu ya filamu, chagua sauti ya stereo badala ya 5.1 kama ipo. Binafsi huizima « Mode nuit » nikisikiliza kwaya au rumba, kwa sababu hunyanyua gitaa la nyuma hadi lilingane na mwimbaji, na wimbo unakuwa bapa. Maneno yakizidi kupotea hata hapo, hata spika ndogo ya nje iliyoelekezwa kwa watazamaji itasaidia kuliko kuendelea kupandisha sauti.