Huyo mtoto "ana aleji na kila kitu"? Hebu tuelewane kwanza neno mzio

Jumamosi tulikuwa Mbagala kwenye arobaini ya mtoto wa wifi yangu, pembeni yangu kakaa mama mmoja na mtoto wa miezi minane anamlisha viazi vitupu vilivyopondwa na maji. Bibi mmoja akamwambia si umpondee na yai kidogo hapo, mama akajibu haraka, "Huyu ana aleji bibi, hali yai, hali samaki, karanga ndio kabisa, maziwa yangu tu na viazi." Nikamwangalia mtoto, mashavu mekundu yamepasuka, mikono imejaa mikwaruzo, pumu ya ngozi (eczema) kabisa ile. Nikamuuliza yai alipokula alifanyaje? "Hajawahi kula, kwa ngozi hii nitampaje?"

Sasa hapo ndipo nilipoamua niandike maana hii ni mara ya ngapi sijui nasikia.

Maana yenyewe ni fupi. Mzio, au aleji kama tunavyosema wengi, ni pale kinga ya mwili inapoichukulia protini ya kitu kisicho na kosa, kama yai, kama karanga, kuwa ni adui, inaipiga vita, na kawaida kila mkikutana nacho vita inarudi. Aina ile ya haraka inakuja ndani ya dakika chache mpaka kama saa mbili hivi, vipele vya kuvimba kama vya mbu, midomo kuvimba, kutapika, kukohoa, na ikiwa mbaya pumzi inabana na mtoto analegea. Ipo pia aina ya polepole, hiyo inasumbua zaidi tumbo. Basi, definisheni imeisha.

Shida yangu iko kwenye neno lenyewe.

Mzio kwenye Kiswahili cha zamani haukuwa ugonjwa, kilikuwa ni kile chakula chenyewe. Ndugu yake mwiko. Kuna kitenzi kabisa, kuzia, yaani kuacha kula kitu kwa sababu kinakudhuru au umekatazwa. Mzee wa pwani akikwambia "ngisi mzio wangu" alikuwa hakwambii habari za kinga ya mwili, anakwambia mimi sigusi, iwe aliwahi kuvimba akiwa mdogo, iwe mganga alimkataza, iwe kwao hawali, yote mamoja. Wataalamu walipohitaji neno la aleji wakachukua hilo, na ni neno zuri sijalikataa, ila lilikuja na mizigo yake ya zamani. Ukishataja mzio tu, kichwa cha Mswahili kinasikia KATAZO. Hatuulizi mwili ulifanya nini, tunauliza asile nini. Ndio maana mtoto anaweza kuwa "na mzio" wa yai ambalo halijawahi kufika mdomoni kwake.

Upande wa pili sasa, hili aleji tulilolipata kupitia Kiingereza. Lilitungwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Vienna anaitwa Clemens von Pirquet, kwa Kijerumani, akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, allos yaani nyingine na ergon yaani kazi. Yeye na mwenzake Béla Schick walikuwa wanaangalia watoto waliochomwa sindano za dawa iliyotengenezwa kwa damu ya farasi, enzi hizo ndio ilikuwa dawa ya dondakoo. Mtoto anachomwa mara ya kwanza, anakaa wiki moja na ushee ndio homa na vipele vinakuja. Anachomwa mara ya pili, vinakuja hapohapo au ndani ya siku chache. Dawa ni ileile, mtoto yuleyule, sasa nini kimebadilika? Mwili. Umeshakutana na kile kitu, umekumbuka, na sasa unafanya kazi nyingine. Hiyo ndio aleji ya Pirquet, na kwake yeye hata kinga unayoipata kwenye chanjo ilikuwa ndani ya neno hilohilo, maana nayo ni mwili kubadilika baada ya kukutana na kitu. Hii ya kulibana neno kwenye madhara tu ilikuja baadaye.

Kwa hiyo angalia, neno moja linataja chakula cha kuepuka na lingine linataja mwili uliobadilika baada ya kukutana. Tunayatumia kama pacha na si pacha.

Utaniuliza hii ina faida gani kwa mama mwenye mtoto anayejikuna usiku kucha. Ina faida kubwa sana, kwa sababu swali la kukutana ndio kila kitu hapa. Mtoto mwenye pumu ya ngozi (na jina hili nalo lina matatizo yake, watu wanadhani kuna pumu imejificha kwenye ngozi, Kenya wengine wanasema ukurutu, mi naona ndio afadhali), mtoto huyu ngozi yake inavuja, ukuta una nyufa. Vumbi la yai na karanga lililoko kwenye mikono yetu, kwenye mkeka, kwenye shuka, linapita kwenye zile nyufa na kukutana na kinga ya mwili kwa mlango wa nyuma kabla hajala hata kijiko kimoja. Maelezo ya Gideon Lack, daktari wa aleji za watoto wa London, na wenzake ndio haya, kwamba chakula kikiingia kwa ngozi iliyochubuka mwili unaelekea kukifanya adui, kikiingia kwa mdomo mapema mwili unaelekea kukizoea. Ndio maana pia mtoto anaweza kuvimba siku ya kwanza kabisa kuonja yai, na mtu akakwambia "haiwezekani, ndio kwanza anaanza". Kwa mdomo ndio kwanza anaanza. Ngozi ilishaanza zamani.

Na hapa ndio katazo linapotugeukia. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto Marekani kilishauri kabisa watoto walio kwenye hatari ya aleji wasipewe yai mpaka miaka 2, karanga na samaki mpaka 3. Mwaka 2008 wakaachana na ushauri huo maana ushahidi haukuwepo. Halafu 2015 Lack na wenzake wakatoa majibu ya utafiti wa LEAP, watoto 640 wa miezi 4 mpaka 11 wenye pumu kali ya ngozi au aleji ya yai au vyote viwili, nusu wakalishwa karanga mara kwa mara, nusu wakakatazwa mpaka miaka 5. Waliokatazwa, asilimia 17.2 walikuwa na aleji ya karanga. Waliolishwa, asilimia 3.2. Ila usikimbilie jikoni bado, watoto wote walipimwa ngozi kwanza (ngozi inadonolewa na tone la chakula, ikivimba maana yake kinga inakitambua), na wale ambao kipimo kilivimba sana hawakuingizwa.

Mimi mwenyewe nilikuwa mama wa Mbagala, nisijifanye. Wa kwangu alianza ngozi na miezi mitatu, anakula nini miezi mitatu jamani, maziwa ya mama tu, lakini kila aliyekuja kuniona alinikataza kitu, huyu samaki, yule maziwa, shangazi yangu akakataza mpaka nyanya. Nikakonda. Ngozi ikabaki vilevile. Tulivyokuja kupata daktari wa ngozi aliyetusikiliza akatupa krimu ya steroidi ya kupaka siku chache na mafuta mazito ya kupaka mtoto akiwa bado na unyevu wa kuoga, sabuni ya manukato marufuku, ngozi ikatulia KWANZA, ndio tukaongelea chakula. Akadonolewa ngozi kupimwa, yai likajibu, samaki akajibu, karanga kimya. Nikasema si mnaona, samaki! Daktari akacheka, akaniuliza "anakula samaki changu?" Anakula kila Ijumaa kwa bibi yake. "Anafanyaje?" Hafanyi kitu. "Basi hana aleji ya samaki, aendelee." Kipimo kinaonyesha kinga inakitambua chakula, hakitoshi peke yake kusema mtoto atadhurika akila. Yai kweli, lilimvimbisha midomo, hilo ndilo tuliloliacha, moja tu.

Kuna vingine vinavyoitwa aleji ambavyo sivyo, nipite haraka. Wekundu kuzunguka mdomo baada ya nyanya au chungwa, mara nyingi ni ile asidi imechoma ngozi ambayo tayari ina mate na michubuko, mpake mafuta mazito kabla ya kula uone. Tumbo kujaa gesi na kuharisha kwa maziwa kwa sababu sukari yake haimeng'enywi, hiyo haina uhusiano na kinga. Na ngozi kuwaka kesho yake asubuhi, kabla hujalaumu samaki kumbuka jana kulikuwa na joto, jasho, na sweta la sufi alilonunuliwa na bibi.

Kitu kinachoniudhi kuliko vyote ni uji wa lishe kwa mtoto anayeshukiwa aleji. Mtu anakataa kutoa nusu kijiko cha yai lililoiva, halafu kikombe cha kwanza kabisa cha mtoto ni unga wenye mahindi, ulezi, ngano, soya, karanga, ufuta na dagaa juu, umesagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga karanga za mwenzie. Akivimba utamshika nani? Mtoto wa hivi akifika umri wa kuanza kula, kawaida miezi sita, mpe kitu kimoja kipya kwa wakati, mchana akiwa mzima, ncha ya kijiko, subiri, ongeza kidogo, mwangalie hizo saa mbili. Yai liive kabisa, karanga iwe laini imezimuliwa kwenye uji, punje nzima zinapalia watoto. Akikipokea vizuri kiendelee kuonekana kila wiki. Usimtangulizie Piriton (ile dawa ya kutuliza aleji), itakuficha dalili tu. Mwenye pumu kali ya ngozi au aliyewahi kuvimba na kitu, daktari kwanza ndio yai na karanga. Na ikitokea pumzi inabana au analegea ni hospitali hapohapo, dawa yake ni sindano ya adrenalini, Piriton haiwezi kazi hiyo.

Yule mama nilimwambia taratibu, sikutaka kumwaibisha mbele ya sinia. Nikamwambia dada, mtoto wako ana pumu ya ngozi, hiyo tunaiona wote. Aleji bado hatujui. Akiuliza bibi mwingine mjibu "yai hatujamjaribu, tunasubiri daktari." Akanitazama, akasema mbona ni maneno mengi. Ni mengi kweli, nikamwambia, lakini yaseme hivyohivyo na kliniki, maana ukisema "ana aleji" wataandika kwenye kadi, na ikishaandikwa pale ataifuta nani.