"Anakoroma, basi kalala vizuri"

Kliniki ya masikio, pua na koo haipiti wiki bila kuisikia: "Daktari, usingizi hana shida, analala fofofo, tena anakoroma kama baba yake." Mtoto mwenyewe kaletwa kwa kuwa mwalimu kachoka: hatulii, anasahau daftari, anasumbua wenzake.

Si kila anayekoroma ni mgonjwa, lakini kukoroma karibu kila usiku ni hewa inayopita kwa shida. Kwa watoto wadogo chanzo mara nyingi ni mafindofindo na nyama za nyuma ya pua zilizokua kupita kiasi. Usingizini misuli ya koo hulegea, njia inaziba, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, mtoto anahema kwa nguvu, kisha anaendelea kulala. Mtu mzima tunaanza kumhesabu mgonjwa pumzi ikikatika mara 5 kwa saa. Kwa mtoto, hata zaidi ya mara 1 si kawaida. Asubuhi hakumbuki kitu. Na kinachowapoteza wazazi ni kwamba mara nyingi hasinzii mchana: anakuwa mtukutu, hasira za karibu, akili hairudi kwenye somo. Anachapwa kwa utundu, kumbe hajalala. Hapo ndipo uvumilivu wangu unapoishia.

Usinisimulie, niletee video. Mvue fulana, washa taa, rekodi dakika tatu na sauti yake. Iwe saa tisa au saa kumi za usiku, maana hali huzidi kuelekea alfajiri. Nataka kuona kifua kinavyobonyea, kimya, kisha mshtuko wa pumzi.

"Akipasuliwa mafindofindo, utukutu kwisha." Wengine, ndiyo. Katika utafiti wa Michigan, Marekani, wa 2006, nusu ya watoto waliokuwa na ADHD (tatizo la kutotulia na kukosa umakini) kabla ya upasuaji hawakuwa nayo mwaka mmoja baadaye. Nusu walibaki nayo. Hao wanahitaji matibabu ya umakini, si kisu cha pili.

"Ni ugonjwa wa wanene." Unene unachangia, lakini wembamba wamejaa hapa. Wenye selimundu wako hatarini zaidi.

"Akatwe kimio." Hapana! Kimio hakihusiki. Wembe wa mganga unaleta damu, usaha, hata pepopunda, na mafindofindo yanabaki pale pale yakiziba njia.