Ile 5 iliyo mbele ya oksijeni

Meko ya gesi ya kilo 6 inayoletwa na bodaboda hadi Kiamunyi au Bahati, huku kwetu Nakuru, hubeba mchanganyiko wa propani na butani. Zote mbili ni hidrokaboni: kaboni na hidrojeni, basi. Zikiungua vizuri hutoa kaboni dioksidi na maji. Ule unyevunyevu unaotanda kwenye kitako cha sufuria ya maji baridi mara tu moto unapowashwa haujavuja kutoka ndani. Ni maji yaliyotokana na gesi yenyewe.

Tusawazishe mlinganyo wa propani inapoungua, yaani atomi za kila aina ziwe sawa kushoto na kulia:

C₃H₈ + O₂ → CO₂ + H₂O

Anza na kaboni. Kushoto ziko 3, kwa hiyo weka 3 mbele ya CO₂. Hidrojeni ni 8 na kila molekuli ya maji huchukua 2, basi maji yawe 4. Oksijeni iache mwisho, kwa kuwa kushoto imesimama peke yake na ukiirekebisha huvurugi kingine. Kulia zimefika 6 na 4, jumla 10, yaani O₂ ziwe 5:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Mwanafunzi aliyekwama hapa hushawishika kugusa namba ndogo za chini, H₂O ikawa H₂O₂. Hayo si maji tena, ni hidrojeni peroksidi, dawa ya kusafishia vidonda. Kwa butani oksijeni hutoka 6 na nusu. Zidisha kila kitu kwa 2:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Sasa turudi kwa ile 5, maana ndiyo ningependa itoke daftarini iingie jikoni. Lita moja ya propani hudai lita 5 za oksijeni. Oksijeni ni kama asilimia 21 tu ya hewa, kwa hiyo zahitajika takriban lita 24 za hewa. Tena mji wa Nakuru uko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, na lita ya hewa yetu ina oksijeni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Ukifunga dirisha, au matundu ya hewa ya meko yakizibwa na mafuta, mwali wa buluu hugeuka manjano na sufuria hushika masizi: kaboni iliyokosa mwenzake. Nyingine huishia hivi:

2C₃H₈ + 7O₂ → 6CO + 8H₂O

Hesabu mwenyewe: oksijeni 14 huku, 14 kule. Mlinganyo umesawazika barabara, ila hiyo CO ni kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu mahali pa oksijeni. Jiko la makaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi kule Molo hutoa hiyo hiyo. Liache nje, hata likionekana limebaki majivu.

Mwenye ng'ombe na mtambo wa biogesi ana methani, CH₄. Isawazishe, oksijeni ikitoka 2, umepata.