"Siku hizi ametulia": maswali ya wazazi kuhusu ADHD, wasiwasi na vijana wanaojitenga

Kwenye kliniki yetu ya afya ya akili, mtoto anayevunja vitu huletwa mapema. Anayenyamaza husahaulika hadi kidato cha pili au cha tatu, asubuhi ile anapogoma kabisa kuvaa sare. Mzazi ambaye hajafika huko, soma haya.

ADHD ni nini?

Ni hali ya ukuaji wa ubongo. Umakini unamponyoka mtoto, au mwili hautulii na anatenda kabla ya kufikiri, au vyote kwa pamoja. Dalili huanza kabla ya umri wa miaka 12, hudumu miezi 6 au zaidi, na huonekana nyumbani na shuleni pia. Mara nyingi imo kwenye ukoo. Baba unayemgombeza mwanao kwa kusahau, kumbuka unavyotafuta funguo kila asubuhi. Sukari haisababishi. Majini hayahusiki.

Wasiwasi unaingiaje hapo?

Polepole, kwa miaka. Anadakia maneno ya wenzake, wanakereka. Anasahau zamu yake mchezoni, anatolewa kwenye timu. Amesoma hadi usiku, asubuhi kaliacha daftari kitandani, anachapwa. Hayo yakijirudia tangu chekechea, mtoto anaingia darasani akisubiri kosa lake lijalo. Jumapili jioni tumbo linaanza kumkata. Usingizi haumjii. Kila sentensi anaipima kichwani mara tatu, mwishowe haisemi. Si jambo la nadra: katika kila watoto wanne wenye ADHD, karibu mmoja au zaidi ana tatizo la wasiwasi pia.

Mwanangu alikuwa mtundu sana, sasa ametulia. Si ndiyo amepona?

Hapana. Kutulia si kupona. Ni kweli kuhangaika kwa mwili hupungua kadiri mtoto anavyokua, lakini aliyetulia kwa kukua bado anacheka, anakula, ana rafiki wa kwenda naye uwanjani. Wako je? Ukimtuma dukani anaenda, au anakuomba umtume mdogo wake? Wageni wakija anabaki sebuleni? Kama anajifungia chumbani hadi waondoke, huyo hajapona. Anaogopa.

Lakini ni fimbo iliyomtuliza. Si ilifanya kazi?

Haikufanya kazi. Ilimnyamazisha. Umakini wake uko palepale ulipokuwa, ila sasa ameongezewa hofu, na hofu inakula hata ule umakini kidogo aliokuwa nao. Mtoto anayewaza fimbo hawezi kuwaza hesabu. Nimeshaeleza haya mara nyingi, na bado kila muhula kuna mzazi anayeniambia, "Nesi, tulimnyoosha vizuri tu, sijui kimempata nini." Kilichompata ni huko kunyooshwa. Naomba tuelewane: fimbo haitibu ADHD. Ya mwalimu haitibu. Ya mjomba aliyeitwa kutoka kijijini haitibu. Na kila mwezi unaopita mkijaribu fimbo ni mwezi wa matibabu uliopotea.

Binti yangu hana fujo, ila yuko mbali kimawazo. Naye?

Mlete. Wasichana wengi wenye ADHD wana ile ya kupotewa na umakini bila utukutu, wanaitwa wavivu au wazito, na huchelewa sana kutambuliwa.

Dawa hazitamfanya zezeta?

Dawa ya ADHD ikipimwa vizuri haimfanyi zezeta. Yaweza kupunguza hamu ya kula au kusumbua usingizi. Tuambie, tutabadilisha kiwango au dawa yenyewe. Mweleze daktari kuhusu wasiwasi tangu siku ya kwanza. Wasiwasi wenyewe hutibiwa vizuri kwa mazungumzo na mwanasaikolojia, ambako kijana hufundishwa kukabili anachokiogopa kidogokidogo. Na tafadhali, acheni kuwapa watoto dawa za mafua ili walale.

Hana rafiki hata mmoja. Nimpeleke kwenye kundi kubwa azoee?

Usimtupe kisimani ili ajifunze kuogelea. Anza na mtoto mmoja, saa moja, na shughuli yenye kanuni anazozijua: karata, draft, kupiga danadana. Kaa karibu, usiingilie. Wakiagana wakiwa bado wanafurahi, mwenzake atarudi. Kabla ya hapo fanyeni mazoezi nyumbani ya kusubiri mwenzio amalize kusema, au ya kusema "samahani, nimekukatiza". Kosa la upande wa pili ni kumfanyia kila kitu: mama anaagiza chakula, anamjibia salamu, anampigia mwalimu simu kuwa mtoto anaumwa. Kila anapokwepa anapata nafuu ya leo, na kesho hofu inakuwa kubwa zaidi. Shuleni aende. Ongea na mwalimu akae mbele, apewe maagizo mafupi, na asiaibishwe mbele ya darasa.

Amesema "bora nisingezaliwa". Si maneno ya utoto tu?

Si maneno ya utoto. Usimkemee, usimwambie amwogope Mungu. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Ondoa ndani ya nyumba sumu ya panya, dawa za shamba na vidonge vyote, asibaki peke yake, na mje hospitali leo, hata kama ni usiku. Msisubiri kliniki ya Jumatatu.