Maziwa ya nyuki hayabadilishi jeni za binadamu
Kuna ujumbe unaozunguka kwa muda mrefu katika makundi ya simu ukidai kwamba maziwa ya nyuki, chakula cha malkia, hubadilisha jeni, na kwamba mtu akiyatumia ataishi miaka mingi kama malkia anavyowapita vibarua wake.

Kweli, malkia na kibarua hutokana na mayai ya aina moja. Mabuu yote hulishwa maziwa hayo kwa siku 3 hivi za mwanzo. Kisha buu la kibarua huanza kupewa asali na chavua, ilhali la malkia huendelea na maziwa matupu. Lishe hiyo huathiri vimeng'enya (protini zinazoendesha shughuli za kikemikali mwilini) vinavyoweka au kuondoa alama za kikemikali, ambazo husaidia kuamua jeni ipi ifanye kazi, bila kuigeuza jeni yenyewe. Hata nyuki wazima waliopewa dawa za kuzuia vimeng'enya hivyo katika majaribio walibadilika namna ya kukumbuka harufu, wala hawakugeuka malkia.

Mfugaji wa nyuki anaweza kukuonyesha jambo hili: malkia akiondolewa, vibarua hupanua vyumba vya mabuu machanga kwenye sega, na malkia mpya hutoka kabla ya wiki mbili kwisha. Buu lililokwisha kukua halifai tena. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa, kwa kudhani kinachowezekana kwa buu changa huwezekana pia kwa mtu mzima.

Tafadhali tuache kuusambaza ujumbe huo, hasa kwa wenye pumu, kwani maziwa hayo yanaweza kuwasababishia mzio mkali.