Gari la kwanza si lazima liwe mkweche

Ukipata leseni tu, ushauri wa kwanza ni huu: nunua mkweche, maana utaugonga tu. Naupinga kwa moyo wote. Dereva mgeni ndiye mwepesi wa kukosea, hivyo ndiye anayehitaji zaidi gari linalosamehe kosa. Kanyaga breki kwa hofu kwenye lami iliyolowa: bila ABS, yaani mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, magurudumu hujifunga na gari huserereka mbele hata ukikata usukani. ABS huachia na kubana breki mara kadhaa kwa sekunde, nawe ukaweza kukwepa. Mikweche mingi haina hiyo, wala mifuko ya hewa.

Bora gari dogo, lenye injini ya kiasi na vitu hivyo viwili, hata kama rangi imechujuka. Usimalizie fedha zote kwenye kununua. Bima na matengenezo vinakungoja.

Halafu inama utazame tairi. Tarakimu nne zinazomalizia msimbo wa DOT, ule mstari wa herufi na namba ubavuni mwa tairi unaoanza na DOT, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri laweza kuwa limezeeka, mpira umekauka na kuanza nyufa.